Chasisi Huonjwa

Siku mliyoniaga mlinibana niseme neno, nikakataa. Pilau ilikuwa inapoa, na mie nikiwa na njaa sisemi la maana. Halafu mkamwona Mzee Saidi wa Ngorongo, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, akilala chini ya pikapu lake mbele ya watu, mkacheka. Mmoja wenu akasema mzee kadondosha funguo. Hakudondosha funguo. Sasa nipo nyumbani Mtawanya, pilau imeshaliwa, mikorosho haina haraka, na neno ninalo. Kaeni, vijana wa gereji, niwaeleze.

Msitegemee habari za vyeo. Mie nilipanda kutoka shimoni kila jioni nikiwa na vidole vyangu vyote, kwangu kilikuwa cheo cha kutosha. Habari za mshahara muulizeni mke wangu, atawaeleza vizuri kuliko mie, tena kwa sauti. Ninachotaka kuwaachia ni habari za kutu, kwa kuwa nimelala chali chini ya magari ya watu tangu ujana, nikitazama upande ambao mwenye gari haujui. Mwenye gari anajua rangi, viti na redio. Tumbo tunalijua sisi.

Mie ni Mmatumbi. Nimezaliwa milimani kusini, ambako enzi zile gari lilikuwa adimu na kutu ilikuwa adimu zaidi. Jembe la babu yangu liliisha kwa kulima, halikuisha kwa kuliwa. Nilipokuja Kibiti kutafuta kazi nilipokewa na Fundi Mkumba, Mndengereko mfupi, mnene, sauti yake ilisikika mpaka barabara kuu hata akiwa anakuomba maji kwa upole. Gereji yake ndiyo hii hii mnayofanyia kazi leo, ila wakati ule ilikuwa banda la makuti, shimo moja na jeki mbili, moja nzima.

Siku yangu ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi wala najua nini. Kulikuwa na lori dogo limesimama juu ya shimo. Akaniambia, "Ingia humo, kisha uniambie gari hili limetoka wapi."

Nikaingia. Nikatazama sana, kijana anataka kazi. Nikatoka nikasema, "Fundi, nimeona tope."

"Tope hata mbuzi analiona. Onja."

"Nionje nini?"

"Gari."

Nikajua hapa napimwa akili. Watu wa Kibiti walikuwa na utani mwingi na sisi wa milimani, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Lakini Fundi Mkumba aliteremka mwenyewe na tumbo lake, akapitisha kidole juu ya chuma cha katikati ya chasisi, mahali pakavu pasipo na grisi, akakigusisha ulimini, akatema. "Gatini Nyamisati," alisema. "Limebeba kamba wa baharini na barafu, na maji ya barafu yamevujia humu. Tena halijaoshwa." Nikafanya kama yeye. Chumvi, wallahi, kama nimelamba samaki ng'onda. Baadaye likaja gari jingine kutoka Ngorongo, tope jekundu mpaka kwenye vioo. Akanionjesha. Udongo mtupu. "Hili litakufa kwa uzee," akasema. "Lile la kwanza litakufa kwa ugonjwa, na ugonjwa wenyewe hausemi."

Basi hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kwa ulimi. Mke wangu alipoisikia habari hiyo miaka ya baadaye alikataa kunipa chai kwa kikombe chake mpaka nisukutue.

Fundi Mkumba alinifundisha kwa vitu viwili: nyundo ndogo ya mpini wa mti na bisibisi ndefu iliyochoka ncha. Nyundo ni ya kuuliza. Unagonga chasisi kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma, na unasikiliza. Chuma kizima kinaita, unasikia ngii inatembea mpaka mwisho. Chuma kilicholiwa kinajibu kama chungu chenye ufa. Bisibisi ni ya kuhakikisha. Ukiona mahali pamejibu vibaya, sukuma. "Bisibisi haina aibu," alikuwa akisema, "mwenye gari ndiye mwenye aibu." Mkipewa rangi nyeusi inang'aa huko chini, msiiamini kabla hamjaigongea hodi.

Alinionyesha pia kwamba kutu haianzi pale panapoonekana. Inaanza pale maji yanapolala: ndani ya chasisi, maana chasisi nyingi zina uwazi kama bomba, nyuma ya vishikio vya springi, juu ya tangi la mafuta, ndani ya milango. Vile vitundu vidogo vya chini mnavyovidharau, aliyeviweka hakukosea kazi. Ni njia za maji kutoka. Vikizibwa na tope, chasisi inakuwa mtungi. Nimewahi kuzibua kitundu kimoja kwa waya, yakanimwagikia usoni maji mekundu mengi mpaka Fundi Mkumba akaniuliza kama nimeoga au nimebatizwa.

Halafu kuna oili chafu. Hapa najua nitapata maadui. Kwetu ilikuwa desturi, masika ikikaribia, dereva anaomba oili chafu iliyomwagwa na magari mengine, anapaka tumbo lote, anajisifu kakinga gari. Oili hiyo inakamata vumbi, vumbi linashika maji, na mipira ya springi inavimba na kuoza kama ndizi. Ikidondokea kwenye breki, hapo tena mwombe Mungu. Niliposema maneno haya mbele za watu, nusu ya madereva wa Kibiti walinichukia. Nusu ya pili hawakuwa na magari.

Mie nilikuja na changu kutoka milimani. Mjomba wangu alikuwa mrina asali, na nta nyumbani kwetu ilikuwa inatupwa. Nikajaribu kuiyeyusha taratibu pamoja na oili safi, ikawa laini, nikaimimina ndani ya chasisi ya gari kuukuu kupitia vile vitundu. Inatambaa mpaka kwenye pembe ambazo brashi haifiki, kisha inaganda. Maji hayapiti. Fundi Mkumba aliita takataka. Alisema sasa nyuki watahamia gerejini. Hakunisifu siku ile wala siku nyingine. Lakini nilipoomba ruhusa ya kwenda kuwasalimu wazee, aliniita nikiwa nimeshafika barabarani, akapiga kelele, "Mbonde! Ukirudi usisahau ile takataka yako!" Alipofariki, Mungu amrehemu, mkewe alinikabidhi nyundo yake. Ndiyo hiyo mnayoiona imetundikwa ukutani. Msiichukue kuvunjia karanga.

Sasa nije kwa Saidi.

Saidi alikuja Kibiti kutoka Ngorongo, bondeni kabisa, mtu wa mto kwa mama na kwa baba. Alinunua pikapu la buluu akawa anapokea abiria na mizigo yao wanaposhuka kwenye maboti pale Nyamisati na kuwaleta mjini Kibiti. Nataka mumwelewe: hakuwa dereva mzembe. Pikapu lake lilikuwa safi kuliko mashuka ya nyumba nyingi. Kila akifika gatini kungoja abiria, alikunja suruali, akachota ndoo kwa ndoo, akaliosha juu, pembeni, na chini pia. Chini pia! Anainama anarusha maji kwa nguvu mpaka ndani ya matairi. Madereva wenzake walimcheka, yeye akawaambia gari ni kama mtoto, halilali na jasho.

Na alikuwa na binti, Zaituni, mtoto wake wa kwanza, aliyeolewa Kiongoroni, kule delta ya chini karibu na bahari, kusikofikika ila kwa chombo cha majini. Zaituni alipata mimba. Mnajua desturi yetu, mimba ya kwanza hurudi nyumbani, binti anakuja kujifungulia kwa mama yake. Saidi aliingoja siku hiyo kuliko Idi. Alikuwa amesema mbele ya kila mtu, mpaka mbele ya wauza chapati, kwamba mwanawe hatapandishwa gari la kukodi. Atampokea mwenyewe gatini, kwa pikapu lake mwenyewe, wakwe wakishuhudia.

Basi ilikuwa kiangazi, jua limeshapanda, akaniletea gari. Alikuwa amevaa kanzu.

"Fundi Mbonde, nipakie lami tumbo lote. Kesho namleta Zaituni. Wakwe wataniangalia kuanzia tairi mpaka kofia, sitaki waone chuma chekundu."

"Karibu, bwana Saidi. Na mlango wako una nini?"

Nilikuwa nimemwona anavyoufunga. Aliuinua kidogo kwa mkono wa kushoto, ndipo akausukuma.

"Bawaba zimelegea."

Nikazishika bawaba. Zilikuwa nzima. Nikaenda kutazama nafasi iliyo kati ya kichwa cha gari na bodi la mizigo. Chini vidole vyangu vilipita. Juu, hata kidole kimoja hakikupita, bodi lilikuwa limeinamia kichwa kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwenzake. Mlango ukigoma na bawaba ni nzima, vijana, msitafute mlangoni. Gari linakatika kiuno.

Nikaingia chini na nyundo. Upande wa kulia chasisi iliita, hafifu lakini iliita. Upande wa kushoto, nyuma ya kichwa, pale springi inaposhikiliwa kwa mbele, nilipogonga iliniangushia maganda mekundu kifuani. Nikasukuma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikapitisha kidole, nikaonja. Chumvi, tena ya siku nyingi.

Nikatoka nikamwambia yote. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema kama anayemwagiza mtu sukari, "Sawa. Chomelea pleti moja hapo, paka lami, nikamchukue mwanangu."

"Pleti niichomelee kwenye nini? Hakuna chuma cha kuishika. Nikiweka moto hapo napanua tundu. Na lami juu ya kutu ni kumfunika mgonjwa blanketi ukawaambia watu amepona."

"Mafundi wengine wanaweka viraka."

"Wanaweka. Unaosha wapi gari?"

"Nyamisati, mtoni, kila mtu anajua."

"Yale ni maji ya chumvi, bwana Saidi. Wewe mwenyewe ndiye unayelilisha chumvi."

Hapo akacheka. Alicheka kweli, akajipiga paja. "Lahaula! Mto Rufiji una chumvi? Mie nimezaliwa Ngorongo, nimeunywa mto huo tangu kitovu hakijakauka. Mama yangu kaupikia, babu yangu kaupandia mpunga. Mto ni ule ule!"

"Maji ya Nyamisati uliyaonja lini?"

"Nilipoanza kazi, masika. Baridi kabisa, hayana chumvi hata kidogo, nikajaza dumu."

"Na kiangazi?"

"Mto huonjwa mara ngapi wewe? Ala! Mtu wa milimani, mmekua mnakinga maji ya mwamba kwa kata, leo unifundishe mie mto?"

Nami sikuwa mpole siku hizo. Nilimwambia masika mto unajaa, unaisukuma bahari nje, ndiyo maana alikuta maji baridi. Kiangazi mto unanywea, bahari nayo ikijaa inapanda mpaka pale gatini. Nikamwambia na Ngorongo yake yote haiwezi kuizuia. Akanijibu jambo kuhusu milima ambalo sitaliandika, wajukuu zangu watasoma. Akanyoosha mkono kwenye funguo.

Lakini wakati tunabishana mikono yangu haikuwa imelala. Alipogeuka, matairi mawili ya nyuma nilikuwa nimeshayafungua na gari limekaa kwenye magogo chini ya ekseli.

"Mbonde! Nitakushtaki!"

"Nishtaki, ila utakwenda kwa miguu."

Mnacheka, mie sikucheka. Niliogopa. Mwenye gari akitaka kuondoka na gari lake, fundi ni nani amzuie? Angeweza kuniletea watu. Angeweza kusubiri niende kuswali, ayarudishe matairi, aondoke. Nilijua nina haki, na nilijua haki yangu haitamsaidia Zaituni kitu kama baba yake hataisikia. Saidi akakunja mikono ya kanzu, akachukua spana ya matairi, akainama aanze kufunga tairi mwenyewe. Sikumshika. Nilisimama tu mbele ya gari kama mjinga.

Simu yake ikalia. Mikono ilishajaa grisi, akaiweka sauti ya nje kwa kidole kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, mbona leo?"

"Nahodha kasema maji ya kesho mabaya, yatatuacha kwenye tope. Tumeondoka leo. Nimeshashuka Nyamisati, nipo na mama mkwe. Njoo, baba, mgongo unaniuma."

Uso wa Saidi ulibadilika. "Nakuja," alisema, "nakuja sasa hivi, nafunga tairi." Akaanza kuzungusha nati kwa haraka mpaka ikamponyoka. Nikaona sasa nisiposema nitasemea kaburini. Nikaichukua simu ile mahali alipoiweka.

"Zaituni, mie Fundi Mbonde. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo ulipo, maji ya mtoni yapoje? Yanafaa kunywa?"

Akacheka, uchovu wote ule akacheka. "Kunywa? Fundi nawe! Hapa msimu huu hata ukinawa uso macho yanawasha. Ya kunywa tunatembea nayo kwenye dumu."

Spana ikasimama. "Zaituni," alisema Saidi, "hapo gatini? Si mto huo?"

"Baba, mto uko kwenu Ngorongo. Huku ni bahari imekuja kutembea."

Saidi aliitazama ile buluu yake, akautazama mkono wake wa kulia, mkono uliochota ndoo zote zile. Lakini mtu haachi jambo kwa mara moja. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi kiraka tu, Mbonde. Cha kumleta leo. Kesho nakuachia gari wiki nzima."

"Tuliinue kwanza," nikasema. "Likikubali kuinuliwa, nitatafuta la kufanya."

Nikaweka jeki chini ya chasisi, nyuma kidogo ya ule ubovu. Nikamwambia asimame mbali. Nikapiga jeki. Gari lilipanda kidogo, likasita, kisha tukasikia kishindo, chuma kikakunjika kama mkono kwenye kiwiko. Bodi likagonga kichwa, kioo cha nyuma kikamwagika chote ndani ya viti. Halikuwa na mzigo, vijana. Halikuwa na mtu. Jeki tu, na mkono wangu.

Saidi alibaki ameshika spana. Akasema, "Ningempakia hapo." Kisha akasema tena, "Na mtoto tumboni." Akakaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe, akalia mbele yetu bila kujificha. Nami nikakaa pembeni yake.

Hatukukaa sana, kwa sababu Zaituni alikuwa anangoja. Gereji ilikuwa na pikapu lake la kazi, mnalikumbuka nyie wachache, lile bovu la sura lililopakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu na halikupata rangi nyingine mpaka linauzwa. Sura mbaya, tumbo zima. Saidi, ambaye hakuwahi hata kulisalimia, alipanda mbele bila neno. Tulipofika gatini mama mkwe akalitazama gari, akamtazama mkwewe mwenye kanzu ya mchanga na grisi, akauliza, "Na ile ya buluu tunayoisikia?"

"Inaumwa," alisema Saidi.

Kabla hajamshika mwanawe mkono alishuka mpaka majini. Akachuchumaa, akachota kiganjani, akaonja. Akatema. Akachota tena, akaonja tena, kama asiyeuamini ulimi wake mwenyewe. Kisha akapanda, akampeleka Zaituni garini polepole. Njia nzima kila tulipofika kwenye shimo alikuwa anashika dashibodi kwa mikono miwili, mie ndiye naendesha yeye ndiye anatoka jasho. Zaituni alijifungua salama baada ya siku chache, mtoto wa kiume mwenye sauti ya Fundi Mkumba.

Pikapu la buluu lilinichukua muda, na sikukubali kuharakishwa. Nawaeleza nilivyofanya, maana kesi kama hii mtakutana nayo, si moja. Nilitoa bodi, nikatoa tangi la mafuta, nikachomoa betri. Nikakata chasisi nikirudi nyuma mpaka nilipofikia chuma kinachoita, si mpaka pale nilipotamani kiwe kinaita. Kipande cha kuingiza nilikipata kwenye gari la aina ile ile lililopinduka, lililokuwa limefia bara, mbali na chumvi. Nikakata kwa mshazari, sio wima, ili mshono usibebe uzito mahali pamoja, na ndani nikaweka pleti ya kuushika. Nikachomelea. Kisha nikaosha kwa maji ya kisima, ndani na nje, nikasukuma mpira wa maji kwenye kila kitundu mpaka yaliyotoka nikayaonja yakawa baridi, bila chumvi. Nikaliacha juani mpaka chuma kikauke kabisa, kiunguze kiganja. Ndipo brashi ya waya, dawa ya kutu, rangi nyekundu, ikakauka, nikarudia, halafu nyeusi.

Nta mwisho. Nasema tena, mwisho. Ukimimina nta kabla ya kuchomelea utachoma gari, gereji na nyusi zako. Na isifike kwenye breki, wala kwenye bomba la moshi, wala kwenye mipira.

Saidi alikuwa anakuja kila jioni kukaa kwenye gogo. Mwanzoni alitazama tu. Baadaye akawa ananishikia taa. Siku niliyokuwa naosha ndani ya chasisi aliniuliza, bila kunitazama, "Nikitoka Nyamisati nifanye nini?" Kwa mtu wa mto kuuliza hivyo, najua kilimgharimu. Nikamwambia aje nalo hivyo hivyo chafu mpaka nyumbani, tope halina haraka ya kuua, aoshe kwa maji ya kisima siku ile ile, aanzie chini. Masanduku ya kamba ayatandikie beseni pana lenye mpira wa kutolea maji nyuma ya gari, yasivujie kwenye chuma. Asilaze gari kwenye majani mabichi. Avizibue vitundu kwa waya. Na kabla ya masika na baada ya masika anipitie.

"Na kuonja?" akauliza.

"Kuonja ni kazi ya fundi."

"Nifundishe."

Nikamwingiza shimoni, nikamwonyesha mahali pa kupitisha kidole, pakavu, pasipo na grisi. Akaonja, akakunja uso. Alisema ladha yake ni kama sarafu. Nikamwambia hiyo ndiyo ladha ya chuma peke yake, aikariri, siku ikibadilika aniite.

Hakuniita kwa ubovu mpaka leo. Mtoto alipotimiza arobaini, Saidi aliwarudisha Nyamisati kwa pikapu la buluu, wakwe wamejipanga gatini, na nilikuwepo nyuma kwenye mzigo, maana alikataa kwenda bila mie. Dereva mmoja akamtania, "Saidi, leo huoshi?" Akamjibu, "Gari yangu inaoga nyumbani, kama mwari." Tangu hapo nao wakaanza kuleta magari gerejini kuonjwa. Wengine walikuja kucheka, wakaondoka wanatafuta kisima.

Sasa mwaka huu magoti yamenigomea. Shimoni naingia, kutoka ni mashauri. Nilipoamua kuacha, hofu yangu ilikuwa moja tu, na sikumwambia mtu. Nyie ni mafundi wazuri, mna taa za kuvaa kichwani na vifaa ambavyo Fundi Mkumba angevidhani vya hospitali. Lakini sijawahi kumwona hata mmoja wenu akionja bila kulazimishwa. Mnapitisha kidole, mnanitazama kama nimegeuka, mnakipangusa kwenye ovaroli. Nimewaona, nyie. Msidhani sikuwaona.

Siku mliyoniaga, Saidi alikuja kunileta Mtawanya. Pikapu ni lile lile la buluu, rangi imechoka kama sisi. Mikono ya watu imeshika mabegi yangu, mnapiga makofi, na mie kwa mazoea, kabla ya kupanda gari la mtu, nikainama nilichungulie tumbo. Goti likakataa. Nikabaki nimepinda hapo, siendi chini wala juu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia uchungu wa kustaafu.

Saidi aliniona. Akanishika bega akaninyoosha. "Ngoja," alisema. Akapandisha kanzu, akalala chali mchangani, akaingia chini mpaka mabegani. Hapo ndipo mlipocheka. Mie nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia anapitisha kidole, kisha akatema pembeni.

"Baridi," alisema kutoka huko chini. "Panda, Mbonde."

Nikapanda. Mjukuu wake, yule yule aliyekuwa tumboni, sasa ana ndevu tatu anazozihesabu kila asubuhi, akasogea kunipisha. Nikavuta mlango. Ulijifunga kwa kidole kimoja.